Uzito wa Donge

Ukutani mwa ofisi yangu pale Kariobangi
kuna maandishi mekundu, niliyaandikisha mwenyewe
mwaka tuliponunua tanuri la pili:
Mali bila daftari huisha bila habari.
Na madaftari nilikuwa nayo. Matatu, yenye majalada magumu,
yamelaliana juu ya kabati kama paka walioshiba.
Niliandika. Sikusoma.

Wafanyakazi arobaini na mmoja, magari sita,
mikate elfu tisa kabla ya adhana ya alfajiri,
na kila jioni simu: unga, Bwana Wafukho. Unga haujalipwa.
"Tunakua," nilimwambia mke wangu.
"Mbona basi," akauliza Nasambu, "karo tunaiombea muda?"

Ndipo akaja Gesare, mhasibu wa siku mbili kwa wiki,
mwenye kikokotoo kilichofutika tarakimu ya saba.
Hakugusa daftari. Alishuka kiwandani,
akaomba donge la unga, akalipima:
kilo kumi na mbili.
Akalifunika. Tukanywa chai.
Tuliporudi lilikuwa limeumuka, limejaa beseni, linachungulia nje.
Akalirudisha mizanini.
Kilo kumi na mbili.

Hakusema neno. Mimi ndiye niliyecheka,
halafu nikaacha.

Usiku ule tulipekua kurasa, nikifuatisha kwa kidole
kama mtoto wa chekechea:
hiki kimeuzwa, hiki kimelipwa,
na kati yake kuna mto unaouvuka kwa mkopo.
Yale maduka makubwa yaliyonivimbisha kichwa
hulipa siku ya tisini, hurudisha mikate iliyoota ukungu;
kila mkate wanaouuza
natoa shilingi mbili mfukoni kuusindikiza.
Na "matumizi mengine"? Hapo nilikutana na mtu ninayemfahamu:
matanga ya Webuye, harambee, viatu vya binamu,
mkono wangu ndani ya droo,
mwandiko wangu.

Duka kubwa moja nililiacha. Meneja wao alicheka hadi simu ikakatika.
Gari moja nililiuza. Dereva Kithome nikampeleka
vibanda vya Dandora, vinavyolipa taslimu,
sarafu zingali na joto la kiganja.
Nikajipangia mshahara, mdogo, nikautilia sahihi
kama mwajiriwa mwingine yeyote.

Si yote yaliyopona. Wanne waliondoka mwezi wa Aprili,
na jina la mmoja bado sijaweza kulifuta
kwenye ratiba ya zamu.

Sasa tunaoka elfu saba. Tumepungua, husema majirani.
Wiki jana muuza unga alipiga simu jioni, nikashtuka kwa mazoea.
Kumbe aliuliza tu kama nitahitaji zaidi.

Maandishi ukutani sijayapaka rangi.
Chini yake, kwa penseli, herufi ndogo zenye kuinama,
Gesare aliongeza bila kuniomba ruhusa:
Na daftari lisilosomwa?