Kinoo Kimechoka

Asubuhi ile jiwe lilipiga kelele.
Si lile la kijivu, la vyuma vya kawaida;
lile la almasi, ambalo bei yake Semboja
alinificha mpaka nilipotimiza mwaka.
Meno ya msumeno wa Muheza yalitoka meusi ncha,
kama mahindi yaliyosahauliwa jikoni,
nami, badala ya kusimama, nikazidi kushindilia.

Semboja akazima swichi.
Macho yake yana ukungu siku hizi,
ila masikio, masikio anayo.
"Umeliziba mdomo," akasema,
"kisha unalilazimisha kula."

Tukaanza upya. Nikaifuta flenji kwa kidole,
maana unywele mmoja huku chini
ni kilima kule juu.
Nikaegesha saa ya kupimia, nikalizungusha jiwe kwa mkono,
nikimsomea: mistari miwili... mitatu... minne... miwili.
"Gonga penye minne." Kwa kipande cha mninga,
kama unavyobisha kwa jirani aliyefiwa.
Minne ikawa miwili. Nikakaza nati.
Ikarudi mitatu.
Nikamtukana mtu ambaye hakuwepo.

Kisha chaki ya buluu, mzingo mzima,
na jiwe la kijani likizunguka kwa breki yake,
likiliwa ili lenzake linyooke.
Buluu ikatoka upande mmoja,
ikabaki alama kama kucha,
ikaisha.
Duara kamili sasa. Laini kama sahani,
na halikati hata siagi.

Hapo akanipa kijiti cheupe.
Nikacheka: hiki, kikidondoka kinavunjika,
ndicho kiinoe almasi?
"Hakiinoi. Kinakula gundi iliyoifunika.
Yenyewe ipo palepale."

Nikamkumbuka bibi, kule Barabara ya Nane,
na kinoo chake kilichobonyea katikati.
Kisu kikigoma hakukilaumu kisu.
Kinoo kimechoka, husema,
akakisugua kwa mchanga na maji.

Nikakisukuma kijiti. Mwanzo kiliteleza tu.
Kisha filimbi ikageuka mkwaruzo,
kikaanza kuniishia vidoleni,
uji mweupe ukitambaa juu ya meza ya sumaku.
"Basi," akasema Semboja,
mimi sijasikia kitu.

Jino la kwanza likatoka likimeta.
La pili sikulitazama; nilisikiliza.

Kipande kilichobaki nilikitia mfukoni.
Jioni, Mgandini, muuza samli akaliona ovaroli,
akauliza kama siku hizi nakanda maandazi.
Nikamwambia ndiyo.