Mlango wa Kutokea

Bwana Tayabali alitaka ya kubandika,
ile ya plastiki, shilingi mia mbili, duka la kona ya Makadara.
"Si maandishi ni yale yale?" akaniuliza,
kalamu imeshakaa sikioni, hesabu imeshafungwa.

Nikamwambia: maandishi ni yale yale, bwana,
ila moshi hausomi.
Moshi huanzia darini, hushuka kama pazia,
cha kwanza unachomeza ni balbu,
cha pili ni jina la mlango.

Basi tukakaa juu ya mikebe ya rangi, ghorofa ya tatu,
tukachagua neno.
TOKA, akasema. Fupi. Herufi nne, bei nafuu.
Lakini "toka" humwambii mtu, si Mombasa hii;
hata wewe ukija kudai kodi huvutiwa kiti.
Nikaandika KUTOKEA kwa chaki ukutani, tukalitazama.
Neno lina sura mbili:
ndipo unapopitia ukenda zako,
na ndilo jambo lenyewe, lijapo bila hodi.
"Likitokea," nikasema, "watokee hapa."
Hakucheka. Akafuta jasho.

Usiku wa kujaribu nilizima swichi kuu saa mbili na robo.
Mwachiro bawabu alishika simu yenye saa, mimi daftari.
Taa alizoleta mpwa wa bwana, za bei ya kutupa,
ziliwaka kama nyumba ya harusi,
zikafika dakika ya kumi na moja,
zikapiga miayo.
Karatasi ya mkaguzi inataka saa tatu.

Dakika ya kumi na nne tukamsikia Bi Mwanakheri
akishuka kutoka ya tano, kiganja ukutani,
akihesabu: ishirini na mbili, ishirini na tatu,
hapa pamebomoka, ishirini na nne.
Mshonaji yule. Vidole vyake vinalijua giza la jengo hili
kuliko ramani yangu.
"Msinisimamie njiani," akasema, "mimi nina taa yangu."
Mjukuu aliyekuwa mgongoni hakuwa nayo.

Tukanunua za kweli. Betri nzito kama pakiti ya unga,
kitufe chekundu cha kujaribia (kila mwezi, nikaonyesha, kila mwezi),
na yule mtu wa kijani anayekimbia:
mmoja kwenye pembe ya ngazi, mmoja ghorofa ya pili,
mmoja juu ya mlango wa uani.

Hapo mkono wangu ukagoma.
Mlango wa uani ulikuwa na mnyororo,
mnyororo una kufuli,
ufunguo wa kufuli uko kwa Mwachiro,
na Mwachiro kaenda kununua mahamri.
"Weka tu," akasema bwana, "wezi ni wengi kuliko moto."
Ni kweli. Baiskeli tatu zimeibwa tangu mfungo.
Nikashuka ngazi, nikatoa bisibisi mdomoni, nikamwambia
waya nitaufunga, lakini siwashi uongo
ukang'aa juu ya kufuli.
Tukazozana hadi adhuhuri.
Komeo la kusukuma kwa kiuno lilikuja Alhamisi:
ukiwa ndani hufunguka, ukiwa nje ni ukuta.
Alilipa kwa hundi. Hakunisalimu wiki mbili.

Sasa umeme ukikatika, na hukatika,
watoto wa ghorofa ya nne hutoka na madaftari
wakaketi chini ya mtu wa kijani.
Saumu amempa jina Famau, sijui kalitoa wapi.
"Famau mbona hafiki?" huniuliza.
"Kila siku mguu mmoja mlangoni."

Ningepaswa kuwafukuza. Betri ile si ya hesabu za kugawanya,
ni ya usiku ambao sitaki kuutaja
kwa lile neno lenye sura mbili.
Natazama saa. Naandika:
saa moja na dakika arobaini, bado inawaka.
Kisha najifanya nakagua,
nasimama pembeni
nisiwazibie mwanga.