Nyuma ya Jiko la Kunjannam

Nyuma ya jiko palikuwa pa kutupa:
majivu, vifuu, sufuria iliyotoboka,
baiskeli ya marehemu Ouseph isiyo na magurudumu,
na magugu ya kufika kiunoni.
Senti kumi na moja, kwa kipimo cha kwetu Kerala.
Ardhi ina jina la pesa,
pesa yenyewe haimo.

Mwaka ule mume wangu alipopanda ndege kwenda Doha
mavyaa wangu alishika panga.
Hakunieleza neno. Alifyeka siku tatu,
siku ya nne akatoka kwa Rosili jirani
na mbegu tano za kungumanga pindoni,
bado zina unyevu, zinang'aa kama zimepakwa mafuta.

"Mti huu hausemi mapema," aliniambia.
"Utaulisha, utaunywesha, utaufukuzia mbuzi,
mwaka wa saba ndipo ukwambie
kama ni jike au dume."
Nilicheka. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano.

Tuliipa maji ya kuoshea mchele,
maji ya samaki, maji aliyoogea mtoto.
Hapakuwa na tone lililovuka ua
bila kuulizwa linakwenda wapi.
Kiangazi kisima kikabaki tope,
tukagawana ndoo: nusu miti, nusu sisi,
mavyaa akaoga mwisho.

Doha ilipiga simu kila Ijumaa.
"Uzeni kile kipande," alisema mume wangu,
"yupo mtu anataka pa kuegesha malori."
Mavyaa akaichukua simu,
akasimulia habari za mvua
mpaka salio likaisha.

Mwaka wa saba, Delna ameshajua kusoma,
yeye ndiye aliyeliona ua.
Mavyaa akavaa miwani ya Ouseph, yenye ufa,
akapita mti kwa mti kama mwalimu wa zamu.
Wa kwanza: maua kwa vishada, matatu, manne. Dume.
Wa pili, dume.
Wa tatu, alirudia kuangalia. Dume.
Wa nne: ua moja tu, limeinamisha shingo. Jike.
Wa tano sitaki hata kuusema.

Akakaa juu ya jiwe la kufulia,
akacheka hadi akashika mbavu:
"Nyumba imekaa miaka saba bila mwanamume,
leo imejaaliwa wanne kwa mpigo!"
Usiku lakini nilimsikia akigeukageuka kitandani.

Tukamwita Devassy, fundi wa kubebesha.
Akaja na msumeno, akakata vichwa vitatu,
nami nikafunga dirisha nisisikie.
Machipukizi yalipochomoza akarudi,
macho ya jike kayafunga kwa jani la mgomba,
akayapachika moja moja, akayazungushia nailoni
kama anayefunga kidonda cha mtoto.
"Na huyu wa nne?"
"Mwache. Bila dume hata mmoja, hayo mengine
yatachanua bure."
Tukamtundikia kamba ya kuanikia nguo.

Sasa ni mwaka wa kumi na mbili.
Mvua za Juni zikipiga, mimi na Delna
tunaamka kabla ya kindi.
Tunda limepasuka lenyewe, la manjano,
ndani basibasi nyekundu imeikumbatia mbegu
kwa vidole vingi, haitaki kuiachia.
Tunaibandua taratibu. Tunakausha juu ya meko,
maana jua limekwenda likizo,
na moshi wa jiko umepata harufu
ambayo hata shuleni wanamjua nayo Delna.

Kwa fedha za kwanza mavyaa hakununua dhahabu.
Alinunua mizani. Akaibeba mwenyewe sokoni,
akaitua mbele ya mfanyabiashara,
hakumtukana, hakumsalimia.

Mwezi uliopita mume wangu alirudi, mvi masikioni.
Akazunguka nyuma ya jiko na viatu vyake vya safari,
akahesabu miti, akasimama kwenye ule wenye kamba,
shati lake bichi likimdondokea begani.
"Mbona huu hauna tunda?"
Mavyaa alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso.
Mimi nilikuwa na maji mdomoni.
Delna akamkabidhi kikapu.