Bomba la Saba

Ngazi kumi na tatu, nyembamba kama mbavu,
zinapanda kati ya duka la miavuli
na kinyozi aliyekwisha kufunga.
Juu kuna mlango wa kusukuma kando, si mbele.
Nami niliusukuma mbele, mara mbili,
mpaka Wakana akacheka.

Ndani, viti vinane. Kaunta imesuguliwa
hadi imelainika kama mgongo wa kijiko.
Koti langu likatundikwa, linadondosha maji,
nikapewa kitaulo cha moto nipanguse viganja
kama mtu anayetakiwa kuapa.

Bi Fusae haulizi, "Utakunywa nini?"
Anauliza (Wakana ananifasiria chinichini)
"Leo imekwendaje?"
Ndipo anachagua.
Nikasema nimetembea, nimelowa, nimepotea kidogo.
Akanimiminia ya rangi ya kutu, povu vidole viwili,
akaigeuza glasi ili nembo inielekee.
Ilikuwa na uchungu wa ganda la chungwa,
ule unaobaki nyuma ya ulimi
kama jina la mtu uliyeonana naye mara moja.

Nikahesabu mabomba ukutani: saba.
Sita yana vibao vilivyoandikwa kwa brashi.
La saba lina kipande cha karatasi, penseli,
neno moja tu.
"Wameandikaje?"
Wakana akakunja uso, akitafuta.
"Wameandika: Samahani."

Mpishi wake ndiye yule, kiti cha mwisho,
goti limegusa jokofu. Tokujiro.
Ana banda la baba mkwe, zamani stoo ya majembe,
ana pipa mbili, na mwezi wa tatu
alikuwa pia na mtoto wa siku tisa.
Usiku mmoja kitu kikatokea.
Joto? Kifuniko? Chachu iliyopitia dirishani?
Bia ikachachuka kupita kiasi. Lita mia.
Alitaka kuimwaga shimoni kabla hakujakucha.
Bi Fusae akamwambia kwa simu: Ilete hapa.
Lakini uje mwenyewe, kila Alhamisi,
uwatazame wanaoinywa.

Basi huja.
Kila anayeagiza Samahani, yeye husimama,
huinama, mikono imebana mapaja.
Mwanzo waliagiza kwa huruma.
Kisha kwa mzaha.
Kisha wakawa wanaagiza tu.

Nikaagiza. Akasimama.
Sikujua la kufanya, nami nikasimama,
nikainama na glasi mkononi,
nikammwagia viatu.
Ukumbi mzima kimya. Halafu yeye "samahani,"
nami "samahani," kila mtu kwa lugha yake,
tukainuka na kuinama kama shoka mbili kwenye gogo moja,
mpaka Bi Fusae akatutupia tambara, akasema kitu kifupi
ambacho Wakana alikataa kunifasiria.

Nikanywa kilichobaki.
"Ukwaju!" nikasema.
Hakuna aliyelijua neno hilo.
Nikaeleza: ganda la kahawia, kokwa zinazong'aa,
mate yanayokujaa kabla hujalitia mdomoni.
Tokujiro akalijaribu polepole: u-ku-wa-ju.
Akaomba nimwandikie.

Saa nne kasoro, bomba la saba likakohoa,
likatema povu, likanyamaza.
Bi Fusae akabandua karatasi
bila sherehe, akaikunja, akaitia mfuko wa aproni.
Mzee mmoja mwenye tai ya ofisini akauliza
nyingine lini.

Tokujiro akatoa daftari.
Kila usiku una mistari yake: vipimo, saa, nyuzi za joto.
Usiku ule una doa la maziwa,
na chini ya doa hakuna kitu.
"Sijui nilikosea wapi," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyedondosha ufunguo
kwenye barabara anayoipita kila siku.
Halafu, chini ya doa, akanakili neno langu
herufi kwa herufi, akaweka alama ya kuuliza.

Tuliondoka mvua ikiwa bado inanong'ona.
Mlango nikausukuma kando, ukafunguka mara moja,
nami nikasikitika kidogo
kwamba sikukosea.