Vidole Viwili Chini ya Ubavu

Kila usiku baada ya isha nilimlaza chali,
nikaupasha mkono moto kwenye birika la kahawa
asije akashtuka kwa baridi,
nikaanzia chini, karibu na kitovu,
nikapanda taratibu kuelekea ubavu wa kushoto.
Vuta pumzi, Muhanna.
Akivuta, nacho kinashuka, kinanigusa vidole
kama mtu aliyelala chumba cha pili, anajigeuza.

Sista Lissy wa hospitali ya Ibra ndiye aliyenifunza,
kwa Kiarabu chake cha Kerala na kalamu ya zambarau:
piga mstari hapa, mama, kesho pima tena.
Vidole viwili, lala.
Vitatu, piga simu.
Vinne, usingoje hata kuvaa viatu.

Yeye alikiita tihali.
Mama mkwe, mzaliwa wa Wete, alikiita bandama,
akilitamka kwa hasira, kama mpangaji asiyelipa kodi.
Mimi nilikumbuka kitabu cha sayansi, darasa la sita:
wengu. Mchoro mdogo nyuma ya tumbo,
swali la alama moja. Nililikosa.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mama mkwe.
Hiki kilikuwa ndani kuliko nguo.
Usiku wa pili wa Ramadhani kilimeza damu ya mtoto,
karibu nusu yake, kwa saa tatu;
midomo ikawa rangi ya jivu la ubani,
tumbo likawamba.
Baba yake aliendesha gari bila kuona taa nyekundu.

(Baba yake hukata majani ya mbuzi kwa mundu.
Tangu alipochorewa selimundu kwenye karatasi
huuweka mundu ule nyuma ya mlango,
ncha ikitazama ukuta.)

Mara ya tatu wakasema, tukitoe.
Kwanza chanjo, mkono huu na huu, kisha wiki mbili za kungoja.
Kule Maskati, Daktari Wadha akanichorea matundu manne
yasiyozidi kifungo cha kanzu.
Nikamwuliza: kina kosa gani?
Akaweka kalamu chini.
Hakina kosa, akasema. Ni chujio.
Kinazikamata chembe zilizopinda
kwa sababu ndiyo kazi kilichopewa.
Hapo ndipo nilipolia. Kisu hakikuniliza.

Saa mbili na dakika arubaini.
Kilitoka vipande vipande, ndani ya mfuko,
nami nikapewa tarakimu: gramu mia nne na thelathini.
Pungufu ya pakiti ya tende.

Sasa ni penisilini, asubuhi na jioni,
kijiko anachokinunia kila siku kama kipya,
na kipimajoto juu ya friji, na kadi mfukoni mwa sare:
mtoto huyu hana wengu, homa yake haingoji kukuche.
Binamu zake kawaambia aliumwa na nge,
nge mmoja, mara nne.
Wamemwamini. Wanamwachia awe golikipa.

Jana nilisahau.
Mkono ulipanda wenyewe, ukiwa na joto la birika.
Vuta pumzi, nikasema,
naye akavuta, kwa adabu, ili asiniaibishe.
Hapakuwa na mtu chumba cha pili.
"Mama," akasema, "kimehama."

Nikauhamisha na mkono
mpaka kwenye paji la uso wake,
ukakaa pale, muda mrefu kuliko ulivyohitaji,
ukisikiliza.