Msuka Mota wa Nyakato

Vidole vyangu vina vanishi, mnisamehe mwandiko.
Mota ya kinu cha Mama Ng'washi imelala mezani, tumbo wazi,
waya wake umeungua, unanuka sukari iliyoshika sufuria.
Milembe karudi juzi na shahada yake ya nyuklia.
Nikamwambia: nieleze, ila hesabu ziache mkobani.

Akatazama dirishani, kule Mabatini,
nyumba zimeatamia mawe kama kuku.
"Baba, ukitokea msiba kule juu usiku?"
Mtu hugonga mlango mmoja.
Mlango ule hutoa watu wawili, kila mtu na mlango wake wa kugonga,
na kabla ya adhana mlima mzima una taa.
"Ndivyo urani inavyopasuka.
Nyutroni inabisha hodi kwenye kiini,
kiini kinapasuka, kinamwaga joto,
kinatoa nyutroni nyingine, nazo mbio, kutafuta milango."

Mbio? Anayekimbia huipita nyumba.
"Ndiyo maana tunazipitisha majini,
zitembee kama mgeni anayesoma namba za milangoni."
Na mlima ukiwaka wote?
"Kuna fimbo zinazoshuka katikati.
Ni kama jirani yetu Kahunda:
habari anaisikia, anaimeza,
anarudisha komeo, analala."

Nilicheka bisibisi ikaanguka.

Kumbe joto lote lile ni la kuchemshia maji.
Mabilioni yale, birika!
Tena maji ya ndani na ya nje hayachanganyiki,
yanapashana joto kupitia ukuta wa bomba,
mkwe na mama mkwe, pazia katikati.
Ya nje yanageuka mvuke,
mvuke unasukuma mapanga,
mapanga yanazungusha mhimili,
na mwisho wa mhimili

akanyamaza, akaigusa mota yangu,

"mwisho wa mhimili kuna sumaku na shaba, Baba.
Kuna kazi yako."

Mota hula umeme ikazunguka.
Ile huzungushwa, ikatema umeme.
Miaka thelathini na moja nashona koti lile lile,
bitana ikiwa nje.

Nikauliza swali la jikoni: na majivu?
Hapo hakujibu haraka.
Wadudu wa ziwa walikuwa wanagonga taa,
mmoja, wawili, kisha wingu.
Alisema hayapoi upesi. Hukalishwa majini miaka,
halafu huzikwa mahali ambapo wajukuu wa wajukuu
watahitaji kuambiwa: hapa msichimbe.
Kwa lugha gani? nikamuuliza.
Kisukuma changu mwenyewe anakielewa nusu.

Nikafunga koili ya mwisho, nikapima, nikawasha.
Mota ikakohoa, ikashika sauti yake.
Milembe akaiwekea kiganja juu, kama mama na paji la mtoto,
akakiacha pale muda mrefu,
akisikiliza kama inapata joto.