Risiti ya Mawe

Fomu ya ruzuku ilikuja kurasa kumi na moja,
ingali inanuka wino wa mashine ya mjini.
Nikapewa mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka
na miwani ya Damari, mwenyekiti wetu, ilikanyagwa na mbuzi.

*Jina la mradi.*
Kituo cha Chakula, Mlowa.
*Eleza tatizo, kwa maneno yasiyozidi hamsini.*
Hapo tulikaa tangu saa tatu
mpaka kivuli cha ukuta kikatuishia miguuni.
Lois Chilongani akasema, andika:
mwezi wa sita lori linakuja, tunauza gunia la mtama,
mwezi wa pili lori lile lile linarudi,
tunanunua mtama ule ule
kwa bei ya mbuzi.
Nikahesabu. Ishirini na manne.
Yamebaki maneno, nikamwambia.
Yaache, akasema, watayatumia wao.

Ukurasa wa sita ndio uliotutoa jasho.
*Mchango wa wanakikundi, kwa fedha au kwa vitu.*
Fedha: elfu themanini na mia tatu, kopo la maziwa.
Vitu: mawe.
Mawe ya korongoni, nyuma ya kanisa,
kwa mkokoteni wa Mbeleje na ng'ombe wake achechemeaye,
tripu arobaini na mbili;
ya arobaini na tatu, gurudumu likapasuka.
Jiwe ni bei gani?
Mlowa hakuna aliyewahi kununua jiwe.
Tukauliza bei ya Dodoma mjini,
tukaikata nusu, kwa haya.

Ruzuku ikaja. Si mwaka ule.
Ujumbe uliingia simuni mwa Damari alfajiri,
akadhani msiba, akatafuta kanga kwanza.
Bati sitini. Saruji. Mizani yenye muhuri.
Na kipima unyevu, kidude cha meno mawili:
unakichoma guniani, kinakwambia
kile alichojua bibi kwa kung'ata punje.

Kisha akaja mkaguzi, Bwana Rweyongeza,
viatu vyeusi vilivyokuwa vyekundu alipofika.
Akanywa maji, akasifu paa, akafungua faili.
Misumari, risiti ipo. Saruji, ipo.
Mawe, laki nane na nusu. Risiti?

Njiwa akatembea juu ya bati, tukamsikia kila kucha.

Tulipewa na korongo, akasema Damari.
Naye, bila kucheka:
Korongo halina namba ya mlipakodi.

Nikachana karatasi katikati ya daftari la mwanangu:
*Imepokelewa kutoka korongo la nyuma ya kanisa,
mawe, tripu arobaini na mbili.
Ya arobaini na tatu haikufika.
Deni: hakuna.*
Tukapiga dole gumba, wote kumi na wanne.
Mbeleje akagoma mpaka ng'ombe aandikwe.
Akaandikwa.

Mkaguzi alisoma mara mbili.
Hakugonga muhuri. Hakuchana.
Aliipachika kati ya misumari na saruji,
akafunga faili, akauliza:
na hiyo isiyofika, iko wapi?
Ipo njiani, tukamwambia. Ukishuka kwa njia ya chini
utaipanda, shikilia kofia.

Mwezi wa pili lori likaja, likapiga honi mara mbili.
Sisi tulikuwa ndani, tunampimia Foibe kilo kumi,
bei ya mwezi wa sita, na shilingi hamsini za mlinzi.
Joto, vumbi la mtama puani, mtoto anapiga chafya.
Mlango haukuwamo kwenye bajeti;
tumesimamisha ubao wa mkokoteni wa Mbeleje,
tukauegemeza kwa jiwe lililobaki.

Dereva akaugonga. Hodi.
Karibu, akajibu Lois, macho kwenye mizani.
Hatuuzi.